Barua ya wazi kwa wakubwa wa usalama na mambo ya nje: kuongea sio kulipa

Garissa

Kwa Waheshimiwa,

MINT: KUONGEA NA WATEKAJI ILI WAFANYIKAZI WA MISAADA WARUDI NYUMBANI

Salamu kwanza, natumai mko wazima pamoja na familia zenu. Mimi ni dereva, nimeendesha magari ya mashirika ya misaada miaka 14, Garissa kwenda Dadaab, Dadaab kwenda Liboi, saa ingine konvoi mpaka Mandera, na saa hii macho yamechoka nauza vipuri hapa mjini. Nimeshawaandikia barua nne kupitia ofisi moja ambayo sitaitaja, sitaki kugombana na karani ambaye naye ametumwa tu. Zote nne zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni mzuri kweli, umenyooka, wino haujamwagika, jibu ndio hakuna. Hii ya tano nimeona niiweke wazi kila mtu asome.

Swali langu ni hili. Mtu anayepeleka dawa ama maji ama unga akitekwa nyara, serikali iongee na waliomteka ama isiongee? Mimi nasema iongee. Na nasema pia kuongea kumekuwepo siku zote, ila ni kwa ajili ya watu fulani na kupitia mlango wa nyuma, alafu sisi tukibisha wa mbele tunaambiwa serikali haizungumzi na magaidi.

1. Nianze na yaliyotupata sisi

Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, ni mtu wa Mwingi. Alikuwa anaendesha Landkruza ya kukodi, zile mashirika huchukua kwa mwenye gari kwa bei ya siku. Asubuhi moja walitoka na maboksi ya dawa kupeleka kituo cha afya karibu na mpaka, yeye na kijana wa kuandika hesabu, na jioni kijana akarudi peke yake kwa miguu. Shemeji na gari walikuwa wameenda.

Niliripoti polisi nikapewa nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Shirika likasema huyo si mfanyikazi wetu, ni wa mwenye gari. Mwenye gari akasema yeye hulipwa gari likitembea, na isitoshe ameibiwa gari kwa hivyo yeye ndiye wa kulia. Hapo ndio nilijua mtu anaweza kutekwa na ikawa yeye si wa mtu yeyote.

Siku ya tisa simu ya mke wake ikaita saa ya Maghrib, nambari ya +252, ya Somalia. Nilipanda basi la usiku mpaka Nairobi niwaambie wamepiga, nambari ndio hii, kuna mtu yuko tayari kuongea. Mkubwa mmoja akanisikiza huku anapekua simu yake, akasema serikali haizungumzi na magaidi. Nikamuuliza basi sisi tufanye nini, akasema na nyinyi msizungumze nao, mtashtakiwa, alafu nikiwa tayari nimefika mlangoni akaongeza tusiende kwa waandishi wa habari. Kwa hivyo serikali isiongee, familia isiongee, magazeti yasiongee, abaki kuongea nani?

Aliyetusaidia ni jirani yangu, mzee wa Kisomali anayeuza ng'ombe soko la mifugo, anajua mtu anayejua mtu kule Dobley, ng'ambo ya mpaka Somalia. Shemeji sio wa ukoo wake wala dini yake. Mzee alishinda kwa simu siku 38, mara anatukanwa, mara simu inakatwa wiki nzima, mara anaambiwa leta mke wake aongee tumsikie akilia. Kredo ananunua mwenyewe. Siku ya 47 shemeji aliachwa kando ya barabara amevaa kikoi sio chake na miguu imefura. Kama kuna kitu kilitoka ama hakikutoka mfukoni mwa mtu sitaandika hapa, na mnajua vizuri kwa nini siwezi kuandika.

Shemeji alihojiwa siku tatu. Hilo naelewa, mnataka habari. Lakini mzee naye aliitwa akahojiwa kama mshukiwa, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye alifanya kazi yenu bure! Tangu siku hio akiona gari ya serikali anaingia ndani. Sasa kesho akitekwa mwingine mimi nitamwamsha nani usiku?

2. Kwa wengine mazungumzo yanapatikana

Mnakumbuka Chakama, Kilifi. Tarehe 20 Novemba 2018 jioni watu wenye bunduki waliingia kwa kijiji wakamchukua binti wa Kiitaliano wa kujitolea, Silvia Romano, na kabla hawajaondoka watu watano wa kijiji walikuwa wamepigwa risasi, watoto wakiwemo. Mei 2020 Silvia aliachiliwa Somalia, miezi 18 baadaye, akapokelewa uwanja wa ndege Roma na waziri mkuu wao mwenyewe. Habari ilikuwa kwamba hata ujasusi wa Uturuki ulisaidia. Kama pesa ililipwa wao wanajua, serikali yao haijakubali. Mimi nilifurahi akirudi, ni mtoto wa mtu. Ninachosema ni kwamba hakuachiliwa kwa kukaa kimya, kuna mtu alipiga simu na kuna mwingine aliipokea.

Nyuma kidogo, tarehe 13 Oktoba 2011, wale kina dada wawili wa Uhispania wa Madaktari Wasio na Mipaka walichukuliwa pale Ifo, Dadaab, na dereva wao Mkenya akapigwa risasi, Mungu saidia hakufa. Siku tatu baadaye jeshi letu likaingia Somalia na utekaji nyara ulikuwa moja ya sababu tulizopewa. Sasa angalieni, wale dada hawakurudi na vifaru. Walirudi Julai 2013, miezi 21, na shirika lao liliendelea kuwatafuta muda wote huo bila kuchoka.

3. Mandera

Hapa ndio roho inaniuma sana, na naomba mniruhusu nikae kidogo.

Ijumaa tarehe 12 Aprili 2019 asubuhi madaktari wawili wa Cuba, Assel Herrera na Landy Rodríguez, walikuwa wanaenda kazini hospitali ya kaunti ya Mandera kama siku zote, wana gari na wana askari. Wakazibwa njia. Askari mmoja akauawa hapo hapo na madaktari wakavushwa mpaka, manake kutoka Mandera kwenda Bula Hawa, mji wa upande wa Somalia, ni mbali kama kutoka msikitini kwenda sokoni. Landy alikuwa wa upasuaji, Assel daktari wa familia. Mtu wa Nairobi hawezi jua maana ya daktari wa upasuaji Mandera. Ni mama anayezaa kwa shida saa nane usiku na hawezi fika Nairobi, zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Baada ya hapo Wacuba waliondolewa kwa kaunti za mpakani, na nani angewalaumu.

Wazee wa Mandera walienda. Walivuka wenyewe kwa miguu yao na kwa majina ya koo zao wakaongea, wakarudi na habari kwamba madaktari wako hai na wanatibu watu kule, na ikaripotiwa watekaji wanataka dola milioni moja na nusu. Sisemi mngetoa hio pesa. Nasema mazungumzo yakishafunguka na bei, bei ndio mwanzo wa maneno, muulizeni yeyote aliyewahi kununua mbuzi. Kuna mgonjwa wao anayehitaji kitu, kuna mzee wao aliye jela, kuna barabara wanataka ipitike siku ya soko, kuna aibu mbele ya ukoo kwa kumshika mtu aliyewatibia mama zao. Vitu kama hivo havihesabiwi kwa dola. Lakini wazee wanaweza kuvitumia tu kama wana mtu serikalini anayepokea simu yao na kusema sawa endeleeni, hapa tunaweza, hapa hatuwezi.

Miaka ikaenda. Kila mwezi wa nne tunasikia juhudi zinaendelea. Alafu Februari 2024 Al-Shabaab wakatangaza kwamba hao madaktari wamekufa kwa shambulio la ndege ya Marekani pale Jilib, Somalia, tarehe 15 mwezi huo. Karibu miaka mitano wako mikononi mwa watu, alafu habari inakuja kupitia kinywa cha watekaji! Cuba walimtuma spika wao wa bunge, Esteban Lazo, akaja Nairobi kuuliza ukweli. Spika wa nchi anapanda ndege kutoka Havana kuja kuuliza kile mimi nimeuliza kwa barua nne, na yeye angalau alipewa kiti.

4. Dereva hayuko kwa orodha

Juni 2012 konvoi ya Baraza la Wakimbizi la Norway ilivamiwa pale pale Dadaab. Dereva Mkenya aliuawa. Wageni wanne wakachukuliwa, wakaokolewa baada ya siku nne, na mmoja wao, Mkanada Steve Dennis, baadaye alishtaki shirika mahakamani Oslo na mwaka 2015 akashinda. Vizuri, na nampongeza, kesi yake ilifanya mashirika mengi yatetemeke kidogo. Sasa niambieni, mke wa dereva wa kukodi wa Garissa anashtaki wapi? Oslo?

5. Sio hapa tu

Nisije nikaonekana nawasema nyinyi peke yenu. Machi 2018 kule Rann, kaskazini mashariki ya Nigeria, wakunga wawili wa Msalaba Mwekundu walichukuliwa, Saifura Khorsa na Hauwa Liman, Wanaijeria wenyewe. Mwezi huo huo serikali yao ilikuwa imeongea na Boko Haram hadi wasichana wengi wa shule ya Dapchi wakarudishwa, na mwaka mmoja nyuma wasichana 82 wa Chibok walikuwa wamerudi kwa mazungumzo na kubadilishana wafungwa. Kwa hivyo mlango ulikuwepo na ufunguo ulikuwepo. Septemba Saifura akauawa. Msalaba Mwekundu ikaomba hadharani, ikalia, na Oktoba Hauwa naye akauawa, miaka 24.

Na jirani zetu wa Congo, wenzetu wa Kiswahili hiki hiki, Julai 2013 pale Kamango, Kivu Kaskazini, wafanyikazi wanne wa Madaktari Wasio na Mipaka, Wakongomani wote, walichukuliwa. Mmoja, mwanamke, alitoroka mwaka uliofuata. Wengine watatu hawajaonekana hadi leo. Nikiuliza vijana hapa kuhusu Silvia wote wanamjua, nikiuliza kuhusu hao wa Kamango hakuna hata mmoja ameshawahi kusikia.

Sasa najua mtasema nini, manake nimeambiwa yote kwa benchi lenu.

Mtasema tukiongea tutaalika watekaji wengine. Hapo kuna ukweli na sitaupiga teke. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilihesabu kwamba makundi ya Al-Qaeda yalikuwa yamepata angalau dola milioni 125 za utekaji nyara tangu 2008, nyingi kutoka Ulaya. Hio ni risasi nyingi sana. Mimi nilikuwa mji huu Aprili 2015 watu 148 wakiuawa chuo kikuu, niliwabeba wengine na gari, sitaki shilingi yangu ya kodi inunue risasi kama zile. Lakini hio ni hoja ya kutolipa, sio ya kutoongea, na nyinyi mmeziweka zote kwa gunia moja. Uingereza na Marekani hawalipi na bado watu wao walichukuliwa Syria. Alan Henning alikuwa dereva wa teksi tu, Muingereza, alijitolea kuendesha gari kwa konvoi ya misaada, dereva kama mimi, akatekwa Desemba 2013 na Oktoba 2014 wakamuua. Wafanyikazi watano wa Madaktari Wasio na Mipaka waliochukuliwa Syria Januari 2014 walikuwa wamesharudi kwao kufikia Mei. Kwa hivyo kukataa kwenyewe hakukumkinga Henning, na mtekaji hakuuliza pasipoti kwanza.

Na hao Wamarekani wenyewe wanaowafundisha msimamo mkali, mwaka 2014 walitoa wafungwa watano wa Taliban ya Afghanistan ili mwanajeshi wao mmoja arudi. Mwaka uliofuata, Juni 2015, baada ya familia za mateka kulalamika sana, Rais Obama akabadilisha utaratibu, akasema kutolipa hakumaanishi kutowasiliana, akasema familia hazitashtakiwa, akaunda kikosi kimoja cha kushughulikia mateka na akateua mjumbe maalum. Pesa bado serikali yao haitoi. Mnaona? Inawezekana kufunga mkoba na kufungua mdomo.

Mtasema Umoja wa Mataifa umekataza. Nimelisoma lile Azimio 2133 la Januari 2014, mwanangu alinifungulia kwa simu. Linasema nchi zizuie magaidi wasifaidike na fidia wala na makubaliano ya kisiasa, na hapo hapo, sentensi ile ile, linasema nchi zihakikishe mateka wanaachiliwa salama. Nyinyi mmesoma nusu ya kwanza mkafunga.

Mtasema jeshi litawaokoa. Kuna siku linafaulu, kama Januari 2012 makomando wa Marekani walivyowatoa Jessica Buchanan, Mmarekani wa misaada, na mwenzake wa Denmark huko Somalia. Na kuna siku kama ile ya Oktoba 2010 Afghanistan, Linda Norgrove, Mskoti wa misaada, alipouawa na guruneti la waliokuja kumwokoa. Sipingi jeshi. Ila hata jeshi linataka kujua mtu yuko wapi na yu hai, na habari hio mara nyingi inatoka kwa yule mzee wa simu mliyemhoji kama mshukiwa.

Mtasema ni siri ya operesheni. Basi kaeni na siri zenu, sisi hatutaki ramani. Mke wa mtu anataka kuambiwa tu kwamba kuna afisa anaitwa fulani na faili iko mezani kwake.

Na ile ya kusema walijua hatari walipochukua kazi, naomba msiirudie mbele ya mama wa mtu.

Ninachoomba ni hiki, na mtaona hakuna kitu cha bajeti kubwa.

Kwanza, dawati moja la mateka, lenye nambari ya simu inayopokelewa usiku na mchana na mtu anayejua Kiswahili na Kisomali, ili familia isizungushwe kutoka polisi kwenda wizarani kwenda kaunti na kurudi polisi.

Pili, semeni wazi na kwa maandishi kwamba mzee ama shehe ama mfanyabiashara anayeongea na watekaji ili mtu arudi, akiwa amelijulisha hilo dawati, si mfadhili wa ugaidi na hatashikwa. Mpeni barua. Hata ukurasa mmoja.

Tatu, mtu ahesabiwe kwa kazi aliyokuwa anafanya siku hio, sio kwa nani alisaini mkataba wake wala kwa rangi ya pasipoti. Dereva wa gari la kukodi, mlinzi, mkalimani, yule kijana wa hesabu ya dawa, wote. Shirika likitaka kibali cha kufanya kazi mpakani lioneshe kwanza kwamba hao wana bima na kwamba mshahara hausimami mtu akitekwa. Wa shemeji ulisimama siku ile ile, kwa hesabu ya mwenye gari siku ambayo gari halikurudi sio siku.

Nne, tupeni majibu kuhusu Assel na Landy. Kama wamekufa semeni wamekufa na ni nani alithibitisha. Kama hamjui semeni hamjui. Na familia ya askari aliyekufa akiwalinda iambiwe pia, mbele ya watu, sio kwa simu.

Tano ni yangu binafsi. Kuna mzee hapa Garissa, muuza ng'ombe, hataki jina lake liandikwe na mimi namheshimu kwa hilo. Naomba mtu wenu mmoja aje bila bunduki, avue viatu, anywe naye chai ya maziwa, na amwambie asante. Shemeji ameshaenda, alimpelekea asali ya Mwingi debe moja. Serikali bado.

Nakala za zile barua nne nimeziambatanisha, na mihuri yake. Jumatatu nitakuja na basi la usiku, nitakuwa pale kwa benchi la nje kuanzia saa mbili asubuhi, nimevaa koti la kahawia. Askari wa geti ananijua.

Wenu mwaminifu,

Dereva, Garissa